Misitu ya Ureno: kosa ni la mkaratusi au la mashamba yaliyokimbiwa?

MTOA MADA: Wakuu, kila kiangazi Ureno inaungua, na mshitakiwa ni yuleyule, mkaratusi. Moto wa Pedrógão Grande ulioanza Juni 17, 2017 uliua watu 66, wengi wakiwa barabarani wanakimbia. Mwaka huohuo sheria ikabana upanzi mpya wa mikaratusi. Mimi naona walikata tawi wakaacha shina.

Kule mvua ni ya wakati wa baridi. Vichaka vinasitawi, ikifika Agosti vyote ni kuni. Zamani mbuzi walivila, na wanavijiji walivifyeka wakavitandika zizini vikawa mbolea. Vijana wakahamia Lisbon na Ufaransa, vichaka vikakosa mlaji. Serikali inamiliki takriban asilimia 3 tu ya misitu. Sehemu kubwa ni vipande vya watu binafsi, vingine mwenyewe alishafariki na warithi hawaujui mpaka.

Tazama Alentejo, kusini, kwenye mialoni ambayo gome lake hutengenezwa vizibo vya chupa, kwa Kireno sobreiro. Mti haukatwi. Gome huvuliwa kila baada ya miaka 9, na shinani inapakwa tarakimu ya mwisho ya mwaka: ulioandikwa 7 ulivuliwa 2017. (Mti unatembea na kitambulisho!) Chini yake kondoo na nguruwe wanalishwa. Msitu wenye mtu anayeula una mtu wa kuulinda.

MCHANGIAJI 1: Mkuu, usimwachie mkaratusi kirahisi. Gome lake hubanduka vipande virefu, upepo unavibeba vinawaka, moto unaruka juu ya vichwa vya wazimamoto. Hapo mbuzi atafanya nini? Na huo mwaloni wako ukikutwa na moto umetoka kuvuliwa gome, hauna nguo ya kujikinga.

MCHANGIAJI 2: Nyote mmesahau mfuko. Sobreiro huvuliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, na gome la kizibo kizuri cha chupa linapatikana mvuo wa tatu, miaka 40 na ushee. Mkaratusi unaukata kwa miaka 10 au 12, kiwanda cha karatasi kinanunua. Mzee wa miaka 65 apande upi? Hata Mufindi, Iringa, watu wanapanda milingoti (ndiyo mikaratusi) kwa hesabu hiyohiyo.

MTOA MADA: Kuhusu mfuko nakubali, umenibana. Ndiyo maana mzee asiachiwe hesabu peke yake. Andalusia, Hispania, wachungaji wanalipwa na serikali kulisha mifugo kwenye mikanda ya kuzuia moto. Wakaguzi wakikuta majani yamebaki, malipo yanapungua. Fedha za ndege za kumwaga maji zinapatikana kila mwaka, za mchungaji zinakosekanaje?

MCHANGIAJI 1: Na mbuzi wakimaliza majani wakahamia kwenye miche ya mialoni?

MTOA MADA: Ndiyo analipwa mchungaji, mkuu, halipwi mbuzi.