Spika za AR-3a zimefubaa: nianzie wapi?

Mkazi wa Boston:
Ndugu zangu, nimepata jozi ya spika za AR-3a za kampuni ya Acoustic Research, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1967 na kutengenezwa hapa jirani, Cambridge, kutoka kwa mzee aliyekuwa akihama nyumba. Makasha ni mazima na mbao bado inang'aa, lakini muziki unatoka kana kwamba umefunikwa blanketi, na besi ya upande mmoja inakwaruza kila ninapoongeza sauti. Rafiki ananishauri ninunue amplifaya kubwa zaidi. Je, tatizo liko huko?

Fundi wa Kariakoo:
Usinunue chochote kwanza. Toa kitambaa cha mbele taratibu, kisha uguse ukingo wa sponji unaoizunguka besi, yaani ile spika kubwa ya sauti nzito. Ikiwa sponji inabaki vidoleni kama makombo ya keki kavu, imeoza, na huoza hata kwenye spika iliyowekwa stoo miaka yote bila kupigwa. Besi yenyewe usiitupe. Kwangua gundi ya zamani, ubandike sponji mpya ya inchi 12, na kabla gundi haijakauka usukume koni, ile sehemu ya kati inayotetemeka, kwa vidole vya mikono miwili ili usikie kama koili, yaani waya uliozungushwa nyuma yake, inagusa sumaku. Unaporudisha besi, ziba mzunguko wake pasipite hewa hata kidogo, kwa sababu katika spika hizi hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi inayoirudisha koni. Kasha likivuja, besi inalegea.

Santuri Kuukuu:
Mwenzangu amemaliza habari za besi. Blanketi, kwa maoni yangu, liko nyuma ya kasha, kwenye vitufe viwili vya kuzungusha vinavyorekebisha sauti ya kati na ya juu, ambavyo ndani yake hushika kutu. Nilipozungusha cha kwangu, twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ilikohoa, ikaimba sekunde mbili, ikanyamaza. Nilikifungua, nikakisafisha, na hadi leo kinafanya kazi.

Mkazi wa Boston:
Asanteni sana. Nimezungusha vitufe na twita ya kushoto imezinduka, ingawa inakatakata. Sponji nayo ni makombo matupu. Na amplifaya?

Fundi wa Kariakoo:
Rafiki yako hakukosea kabisa. Hizo ni spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; ikiwa ndogo, umeme mwingi hupita) na zinakula umeme mwingi, kwa hiyo amplifaya ndogo iliyoandikwa omu 8 tu itachemka ukiifungulia. Lakini hilo ni la baada ya sponji.