Pikipiki ya mkataba: tajiri ananiongezea miezi miwili? Naombeni ushauri

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki ya mkataba, yaani namlipa tajiri mwenye chombo kidogo kidogo mpaka kiwe changu. Jumla 4,200,000, kianzio nilitoa 600,000, hesabu ninayompelekea ni 10,000 kwa siku. Tajiri anasema ni miezi 14. Nikipiga mimi, mwaka tu unatosha. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Mikataba hii inawamaliza vijana. Cheza upatu, ununue chako.

Fundi Spoku: Mimi 2019 nilibakiza wiki tatu, tajiri akabeba chombo kisa nimechelewesha siku mbili. Mpaka leo roho inaniuma.

Ticha: Jumla = kianzio + (hesabu × siku). Tunatafuta siku, kwa hiyo tuiache peke yake. Toa kianzio kwanza: zinabaki 3,600,000. Gawa kwa 10,000, siku 360. Ukigawa bila kutoa kianzio unapata 420, ndiyo hiyo miezi 14.

Fundi Spoku: Umeona? Kala kianzio chako! Usimpe hata mia.

Ticha: Subiri. Kijana, kuna siku hupeleki hesabu?

Kijana wa Mbagala: Hilo si la muhimu mkuu.

Ticha: Jibu tu.

Kijana wa Mbagala: Jumapili. Napiga kazi zangu, tulikubaliana hivyo. Ila chombo nimeshakipeleka kwa mjomba Mkuranga tangu Jumatatu, simu za tajiri sipokei. Natetea jasho langu, msinilaumu.

Mzee wa Kijiwe: Namba zimenyooka mno hizi. Huyu ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, tunamfanyia kazi ya nyumbani.

Bi Mkubwa: Hata mimi nimeshtuka. Tunamwonea huruma mtu wa kubuni?

Kijana wa Mbagala: Wallahi si uongo. Daftari ninalo hapa, limelowa oili pembeni. Kila siku ina tiki ya biki na sahihi ya tajiri. Jumapili zote zina mstari.

Ticha: Basi hiyo mistari ndiyo miezi yako miwili. Siku 360 ukizilipa sita kwa wiki ni wiki 60. Wiki 60 kwenye kalenda ni siku 420. Kianzio chako kimehesabiwa, tajiri hajakudhulumu.

Kijana wa Mbagala: Kwa hiyo nimemfichia mtu chombo chake bure?

Ticha: Leo Alhamisi. Jumatatu mpaka leo ni 40,000. Mpigie kabla hajafika polisi.

Kijana wa Mbagala: Ninazo 25,000. Nampigia sasa hivi.