Naomba ushauri: watumishi wangu hawavuki mipaka ya majukumu yao

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nasimamia watu 9 katika masjala, na sina wa kumlaumu: wanawahi kazini, wanamaliza majukumu yao, na muda wa kutoka ukifika wanaondoka. Shida ni kwamba mmoja akizidiwa na majalada hakuna wa kumsaidia, na mwajiriwa mpya huachwa ajifunze peke yake. Aliyenitangulia hakuwa na fungu la posho kunizidi, lakini watu walijitolea bila kuombwa. Nimekosea wapi?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, mwaka 1964 mwanasosholojia Peter Blau alitofautisha mabadilishano ya kiuchumi, ambayo malipo yake hujulikana tangu mwanzo, na yale ya kijamii, ambayo mtu hutendewa wema bila kupangiwa ataulipa lini wala kwa namna gani. Mkataba wa ajira ni wa aina ya kwanza. Unachokitafuta wewe ni cha aina ya pili. Msimamizi anayempa mtumishi ruhusa ya kuuguza mtoto bila kumhoji kama mshtakiwa, anayebeba lawama mbele ya wakubwa kwa kosa lililofanyika kwa nia njema, na anayetamka wazi kwamba wazo hili ni la fulani, watu wake hujiona wana deni kwake. Umefanya lipi kati ya hayo?

Mwanzisha uzi:
Nakiri kwamba mwezi uliopita niliwasilisha kwa wakubwa utaratibu mpya wa kupanga majalada uliobuniwa na kijana mmoja, na jina lake sikulitaja. Sikudhani ni jambo kubwa.

Mchangiaji wa 2:
Basi anzia hapo, na usahihishe mbele ya wakubwa walewale, si kwa kumnong'oneza kijana pembeni. Halafu usije ukauingiza moyo wa kujitolea kwenye fomu ya tathmini (wengi hukimbilia huko), kwa sababu ukishadaiwa kwa maandishi unakuwa jukumu jingine tu.

Mchangiaji wa 3:
Naongeza moja. Atakayeanza kujitolea usimgeuze punda wa kitengo. Mimi nilikuwa huyo, kila dharura ikaletwa mezani kwangu, hadi nikajifunza kuondoka saa ileile kama wenzangu.

Mwanzisha uzi:
Nimewaelewa. Kikao na wakubwa ni Jumatatu, na nimeomba kijana mwenyewe aje aueleze utaratibu wake.