Mama ameshauriwa abadilishwe goti: je, atanufaika?

Swali: Shikamooni wakubwa. Mama yangu, mwenye miaka 68, magoti yake yamesagika kiasi kwamba hata usiku maumivu hayamwachi alale. Dawa na sindano za gotini hazimsaidii tena, na daktari ameshauri upasuaji wa kubadilisha goti. Je, atanufaika kweli?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Goti haling'olewi lote, kama wengi wanavyohofu: daktari hukata tabaka jembamba lililoharibika kwenye ncha za mfupa wa paja na wa muundi, akazivika chuma, kisha katikati akaweka plastiki ngumu inayoshika nafasi ya gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisagane. Maumivu hupungua sana kwa wagonjwa walio wengi, na viungo bandia vingi hudumu zaidi ya miaka 20. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) huufanya.

Jibu: Mimi nilifanyiwa goti la kulia, na kesho yake nikasimamishwa kwa magongo. Mazoezi yalikuwa magumu kuliko upasuaji wenyewe, lakini mama asiyakwepe, kwani goti lisilokunjwa mapema hukakamaa. Kusujudu siwezi, hivyo naswali kitini. Ngazi, alhamdulillahi, napanda.

Jibu: Kisukari kidhibitiwe na meno mabovu yatibiwe kwanza, kwa sababu maambukizi yakifika kwenye kiungo bandia ni vigumu kuyaondoa. Akisharudi nyumbani, muundi ukivimba ghafla au pumzi zikimbana, mkimbizeni hospitali, maana huenda damu imeganda.