Sinema ya kulipia ndani ya meli ya utalii: je, ni haki?

Swali: Ndugu wanajamvi, tunatarajia kusafiri na watoto katika bahari ya Karibi kwa meli ya Carnival Vista. Nauli yetu inajumuisha chakula na maonyesho ya jukwaani, lakini ukumbi wa IMAX, yaani sinema ya skrini kubwa mno, una tiketi yake. Je, ni haki kumtoza tena mtu aliyekwisha kulipa?

Jibu: Dada, ukumbi huo, ulioanza kazi pamoja na meli yenyewe mwaka 2016, ndio uliokuwa IMAX ya kwanza baharini, na skrini yake ina kimo cha sitaha tatu. Kwa maoni yangu, ni afadhali anayeutaka aulipie kuliko gharama kupachikwa kwenye nauli ya kila abiria, wakiwemo wazee wasiokanyaga humo kamwe.

Jibu: Nakubali, ila kumbukeni kwamba malipo hayafanywi kwa fedha taslimu bali huandikwa kwenye akaunti ya chumba, na bili huja mwishoni, kwa hiyo waombeni wahudumu waweke kikomo cha matumizi kwenye kadi ambazo watoto hulipia humo melini. Kando ya bwawa la kuogelea filamu huonyeshwa usiku bila malipo. Chukueni masweta, maana huko juu upepo hauna mzaha.