Tupeane uzoefu: diski ilikufa, mwongozo ukaishia njiani

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba kila aliyewahi kubadilisha diski iliyokufa aeleze ni hatua gani hakuikuta katika mwongozo. Naanza na yangu. Seva ya ofisini kwetu ilikuwa na diski mbili zenye data ileile chini ya mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski), na mojawapo ilipokufa nilifuata mwongozo neno kwa neno: nikaiondoa, nikachomeka mpya, nikaigawa patisheni (sehemu) sawasawa na ile nzima, nikaiongeza, kisha nikakaa nikitazama /proc/mdstat, faili linaloonyesha unakili umefikia wapi, mpaka kazi ikaisha. Wiki iliyofuata tuliizima seva, na tulipoiwasha haikuwaka. Data yote ilikuwa salama, ila patisheni ya EFI, ambayo ndiyo ya kuwashia, haikuwamo katika zile zilizonakiliwa. Ilikuwa kwenye diski niliyokwisha kuitupa. Aliyeandika mwongozo ule nadhani seva yake haizimwi. Niliiwasha kwa flashi, nikaifomati patisheni ile tupu na kusakinisha upya GRUB, programu inayouwasha mfumo, saa nane za usiku.

Mchangiaji wa 2
Mkuu, mimi nilikwama mapema zaidi. Mwongozo ulisema "chomoa sdb", jina ambalo Linux huipa diski, lakini kwenye kasha hakuna diski iliyoandikwa sdb, na jina hilo laweza kuhamia diski nyingine mashine ikiwashwa upya. Nilikuwa na RAID 5 (mpangilio unaovumilia kufa kwa diski moja tu) ya diski tatu, moja imekufa, nami nikachomoa nzima. Kila kitu kikasimama. Siku hizi husoma namba ya utambulisho kwa smartctl, programu inayoihoji diski, na kuilinganisha na ile ya kwenye lebo.

Mchangiaji wa 3
Yangu ni fupi. Nilikuwa nikiokoa data kwa ddrescue, na maelezo niliyoyafuata hayakutaja faili la kumbukumbu ambalo programu hiyo hulitumia kukumbuka ilipofikia. Umeme ulikatika siku ya pili. Nikaanza upya, na diski yenyewe ilikuwa inazidi kuchoka.

Mwanzisha mada
Pole sana. Mchangiaji wa 2, diski iliyokufa kabisa haijibu smartctl. Namba yake uliipataje?

Mchangiaji wa 2
Sikuipata. Niliandika namba za zile zinazojibu, nikafungua kasha, na ile ambayo namba yake haikuwamo kwenye karatasi ndiyo niliyoitoa. Sasa orodha nzima nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la seva.