Somili (kiwanda cha kupasua mbao) ya Mjerumani kule Shume, milima ya Usambara: kuna mabaki?

Mjukuu wa Shume: Wakubwa, shikamooni. Babu alizoea kusema magogo ya mwangati "yaliruka angani" kutoka Shume hadi Mkumbara. Juzi nimekuta kichakani zege lenye boliti nne nene kama mkono wa mtoto, kutu tupu. Ndiyo yenyewe?

Mzee wa Mkumbara: Marahaba. Babu yako hakutia chumvi. Wajerumani wakipaita Neu-Hornow. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilipasua mwangati huko kabla ya vita ya 1914. Mlima ni ukuta, gari moshi lisingepanda, ndipo Bleichert wa Leipzig wakajenga njia ya waya ya kilomita 9 hivi. Mbao zilining'inia juu ya mabonde hadi stesheni ya reli ya Mkumbara, zikaenda Tanga. Nyingine zilikuwa za penseli.

Fundi seremala: Mwangati ukiupiga randa harufu inajaa karakana nzima. Leo Shume ni misindano na misaipresi. Inaniuma.

Mjukuu wa Shume: Asanteni sana. Jumamosi narudi na panga nifyeke, nifuate mstari wa nguzo kuelekea ukingoni. Tafadhali, wauza chuma chakavu wasiambiwe.